Mvua, Reli na Maksi

Kama hujawahi kusoma aya ya 133 ya Sessional Paper Nambari 10 ya 1965, hauko peke yako. Ni waraka wa serikali, jina lake kamili African Socialism and Its Application to Planning in Kenya, na Mzee Kenyatta ndiye aliyeuandikia utangulizi. Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wakati huo, ndiye anayetajwa kila waraka huu unapotajwa. Wanasiasa wetu huuita kwa nambari tu, vile watu wa mtaa wanavyoita matatu. Nambari kumi. Wengi wanaoulaani jukwaani hawajaufungua.

Aya yenyewe, nikiifupisha, inasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi. Pale penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo na kuyashughulikia. Halafu inakupigia hesabu. Pauni milioni moja ukiiweka mahali fulani huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000 kwa mwaka. Ukiiweka kwingine inaongeza 100,000. Sasa wewe ungeiweka wapi? Ukichagua pa pili, nchi inabaki na pauni 80,000 za ziada, na kutoka hapo inaweza kumsaidia yule aliyerukwa, kwa ruzuku au mkopo nafuu.

Nimeisoma aya hii mara nyingi kuliko nilivyosoma riwaya nyingine nzuri, na kila mara kichwa changu kinaitikia kabla moyo haujagoma. Hiyo ni kazi ya mwandishi hodari. Hakuna tusi mle ndani, hakuna kabila lililotajwa, hakuna mtu aliyeitwa duni. Kuna pauni tu, na pauni haina sura. Ukitaka kujua ubaguzi unavyoweza kuandikwa kwa adabu, usiende kwa mwenye matusi. Soma mtu anayejumlisha.

Lakini itazame ile orodha tena. Mvua ni ya Mungu. Ardhi nzuri pia, tukubali. Reli je? Reli iliwekwa na watu, kwa sababu zao, na ilifika Nairobi mwaka 1899 ikiwa njiani kwenda ziwani, ile Ziwa Victoria, si Ziwani yetu. Barabara na umeme vilifuata walikokaa wazungu. Kwa hivyo orodha inayoanza na mawingu inaishia kwa maamuzi ya ofisi ya gavana, na hakuna koma inayokuonyesha umevuka mpaka. Na mwishoni kabisa wanawekwa watu, "walio tayari," kana kwamba utayari nao hunyesha. Mtu wa Mandera ambaye serikali ya kikoloni ilimfungia wilaya yake, ikamtaka awe na kibali cha kutoka na kuingia, anaonekana hapa kama mtu asiyependa maendeleo sana.

Nasoma haya nikiwa Ziwani, na mahali mtu anaposomea kitu si jambo dogo. Ziwani ni hapa kati ya Kariokor na Starehe, Gikomba ukitaka unaenda kwa miguu, River Road pia. Nyumba ni za kanjo, hata kama siku hizi jina la ofisi ni kaunti. Mtaa huu upo kwa sababu palikuwa na sheria. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa anapotaka Nairobi. Alikuja kama mkono wa kazi, akapewa kipande cha kubeba shingoni na chumba upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Magharibi ya jiji ilikuwa ya wazungu, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands. Hakuna aliyechagua Eastlands kwenye ramani akasema maze, hapa pananifaa. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza waliizingira mitaa hii kwa Operesheni Anvil na kuwapakia maelfu ya wanaume kwenye malori. Wiki tatu baadaye, tarehe 17 Mei, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya Brown na kusema watoto weusi na weupe hawawezi kutenganishwa shuleni kisha mtu akaita huo usawa. Sijawahi kuona vitabu vyetu vya historia vikiweka tarehe hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Hata maktaba. McMillan pale mjini ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka ishirini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia akasome. Tawi lake la Kaloleni ndilo lililonilea mimi. Kila ninapowasikia watu wakisema "vitabu vipo, ni wewe tu kusoma," huwa nakumbuka ule mlango.

Wazee wa mtaa husema Mboya naye aliishi hapa Ziwani alipokuwa mfanyakazi wa baraza la jiji, kabla ya mambo ya Lavington. Kazi yake ilikuwa mkaguzi wa afya. Alijua kwa pua yake jinsi mfereji wa Eastlands unavyonuka na kwa nini mfereji wa upande ule haunuki. Ndiyo maana aya ya 133 hunisumbua. Angekuwa ameiandika bwana mmoja wa Muthaiga ningeielewa haraka.

Waraka ulipotoka, hawakukosekana waliousoma vizuri. Mmoja ni Barack Obama, baba yake yule rais, mchumi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Hawaii na Harvard. Julai 1965 aliandika uhakiki kwenye East Africa Journal, kichwa chake Problems Facing Our Socialism. Watu wengi Marekani waliuchimbua mwaka 2008 wakitafuta ukomunisti wa mwanawe. Hawakuusoma kama tunavyopaswa kuusoma sisi, yaani kama kazi ya mhakiki aliyekaa na matini na kuiuliza maswali.

Uhakiki huo una makali. Obama anaanza kwa kuuliza huu ujamaa wa Kiafrika ni nini hasa, maana waraka unautaja sana bila kuufafanua. Anatilia shaka haraka ya kumpa kila mtu hati yake ya shamba, anaona afadhali ushirika. Kisha anafika mjini. Anasema hauhitaji kuwa Mkenya kuona kwamba kuanzia vijiduka vya River Road hadi maduka makubwa ya Government Road, na viwanda vya Industrial Area, karibu vyote ni vya Wahindi na wazungu. Kama nchi ni ya Mwafrika, mbona njia za kuikuza si zake? Anajua atajibiwa kwamba kumpendelea Mwafrika ni ubaguzi, na hajifichi. Anaona kwamba usipomwinua kwa makusudi aliyewekwa chini kwa makusudi, umeidhinisha matokeo.

Namkubali hapo. Nampinga jinsi anavyosema "Mwafrika" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Na historia haikukawia kuonyesha tatizo. Mwaka 1967 ilikuja sheria ya leseni za biashara, ikawazuia wasio raia kufanya biashara sehemu fulani na bidhaa fulani. Maelfu ya Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walianza kuondoka, na Uingereza, kwa woga, ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango ifikapo Machi 1968. Watu wakabaki na karatasi ambazo hakuna nchi ilizitaka. Na maduka? Waliochukua si wachuuzi wa Gikomba. Walichukua wenye kujua mtu wizarani, wenye dhamana ya benki, wenye shemeji. Tuliita jambo hilo Africanisation na lilikuwa kweli kwa rangi tu. Budaa wa Ziwani aliendelea kununua sukari kwa kipimo kilekile, mwenye duka alibadilika jina.

Mpango wa kuinua walioonewa ukiwapima kwa alama moja tu, iwe rangi au kabila au jinsia, huwa unapandwa kwanza na walio karibu na ngazi. Sisemi ngazi ing'olewe. Nasema tutazame nani yuko juu yake.

Neno lenyewe kwanza. Tuna shida na jina. Wakenya tukizungumza tunasema tu affirmative action, au tunasema "upendeleo," na hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza. Upendeleo ni kile mathe anamfanyia kitinda mimba, ni nyama ya ziada kwenye sahani ya mtu. Nani atautetea? Wengine husema "viti maalum," na ukisikia "maalum" unafikiria mtoto anayehitaji kushikwa mkono. Tunalo neno bora zaidi na tunalitumia kila wikendi bila kufikiri: kusawazisha. Mtangazaji wa mpira akisema Gor wamesawazisha, hakuna anayeuliza kama wamependelewa. Walikuwa nyuma, bao limeingia, mchezo unaendelea. Fundi wa kujenga naye husawazisha sakafu kabla ya kuweka vigae. Katiba ya 2010 ina Hazina ya Usawazishaji, nitairudia, na nashangaa kwa nini neno hilo limeachiwa mhasibu.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake: kabila, rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, hali ya afya, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha, kuzaliwa na mingine. Kisha, kifungu kidogo cha 6, inaiamuru serikali ichukue hatua kurekebisha hasara ya ubaguzi wa zamani. Ni maandishi mazuri, na ni ya ujasiri kuliko ya Marekani, ambako majaji hulazimika kubishana kama katiba yao inaruhusu jambo hilo. Yetu inaagiza. Ila umaskini haumo kwenye orodha ile, wala anwani. Kuna "asili ya kijamii," na mawakili hujaribu kupitisha mengi kwenye mlango huo mwembamba. Muulize kijana yeyote wa Eastlands aliyetuma CV. Anaandika sanduku la posta la mjomba, anasema anakaa "karibu na Ngara." Hiyo si aibu ya mtaa. Ameshafanya utafiti wake.

Sasa twende kwa maksi. Nilifanya KCPE Novemba 2010, shule ya msingi ya umma hapa Eastlands. Tulikuwa zaidi ya sabini darasani, dawati la wawili tukikaa wanne, na wa pembeni akiandika huku nusu yake iko nje. Hakuna aliyelalamika sana. Elimu ya bure ilianza Januari 2003 na wengi wetu bila hiyo tungekuwa tunasukuma mkokoteni. Binamu yangu alisoma akademi. Usiponielewa vizuri utadhani nasema shule ya basi la njano na bwawa la kuogelea. Ilikuwa akademi ya mabati, ng'ambo ya mto upande wa Mathare, na karo alilipa shangazi kutoka kwa mitumba ya Gikomba, belo moja baada ya nyingine.

Januari 2011 wizara ilitangaza kwamba nafasi nyingi za shule za kitaifa zitaenda kwa waliotoka shule za umma. Wakati huo shule za kitaifa zilikuwa 18 tu, Alliance, Mang'u, Starehe na wenzake, na watoto wa shule za binafsi walikuwa wamezoea kuchukua nafasi nyingi kuliko idadi yao. Wazazi wa shule za binafsi walikwenda Mahakama Kuu. Kesi inaitwa John Kabui Mwai na wenzake dhidi ya Baraza la Mitihani, ya 2011, na kama kuna maandishi ya mahakama yanayofaa kusomwa na watu wasio mawakili, ni hayo. Katiba ilikuwa bado mpya. Hapo ndipo majaji walilazimika kusema usawa maana yake nini, si kwa maprofesa bali kwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshika karatasi ya matokeo.

Waombaji walikuwa na hoja nyoofu. Mtihani ni mmoja, siku ni moja, maswali ni yaleyale. Mwenye 410 amemshinda mwenye 390, na ukimchukua wa 390 umembagua wa 410. Ni hoja inayoingia akilini haraka kama ile pauni milioni. Majaji waliikataa. Si kila tofauti ni ubaguzi, walisema. Ubaguzi ni pale tofauti inapokosa sababu halali, na kuwatendea sawasawa watu ambao hali zao si sawa kunaweza kuendeleza dhuluma. Watoto wa umma walisoma kwenye madarasa yaliyofurika na vifaa haba, na serikali ilikuwa na haki ya kulitazama hilo.

Kwa maneno mengine, mahakama iliuliza swali ambalo aya ya 133 ilikataa kuuliza: reli iliwekwa na nani? Maksi 410 si mvua. Ndani yake kuna kitabu cha kila mtoto, mwalimu wa watoto thelathini, kiamsha kinywa, taa ya kusomea. Kuna juhudi pia, sana, na sitaki mtu aniambie vinginevyo. Lakini juhudi ya wa 390 aliyekaa nusu dawati haionekani kwenye karatasi, na mahakama ilijitahidi kuiona. Nadhani ni mojawapo ya hukumu zetu za kiutu zaidi.

Na bado ilimwacha binamu yangu.

Alikuwa na maksi zaidi yangu. Mimi sikuingia shule ya kitaifa pia, kwa hivyo usinionee gere. Nilikwenda shule ya mkoa na nikala githeri kama wengine. Yeye alihesabiwa kuwa wa binafsi. Shangazi hakusoma hukumu, aliuliza swali lake akikunja nguo: "Kwa hivyo mtoto wangu amefungiwa kwa sababu nilimlipia?" Nilikuwa mdogo, sikuwa na jibu, na hata leo kama mhakiki nina jibu la nusu tu.

Ukweli ni kwamba kwenye mitaa kama Mathare na Mukuru shule za umma ni chache kuliko watoto, na zilizopo ziko mbali. Wazazi maskini ndio wanaolipa. Shule zinafunguliwa na makanisa, na mama wa jirani, na mwalimu asiye na kazi, chini ya bati, na serikali inaziandika kwenye safu ya binafsi pamoja na zile za Karen. Upande wa pili, kuna shule za umma magharibi ya jiji, kwenye vitongoji vya majani, ambako chama cha wazazi kinachanga vizuri na magari hupanga foleni asubuhi. Watoto wa pale walihesabiwa pamoja nami. Mstari wa umma na binafsi ulichorwa kwa rula ndefu, ukapita katikati ya familia yetu, na ukawaacha baadhi ya wenye uwezo upande wa walioonewa. Ni kosa lilelile la River Road ya 1967, ila safari hii si rangi, ni safu kwenye fomu ya usajili.

Je, hilo linaibatilisha hukumu? Wapo wanaotaka niseme ndiyo. Siku hizi ukisema hadharani kwamba kipimo fulani cha kusawazisha ni kibovu, watu wanakushangilia haraka mno na unagundua walikuwa wakingojea. Mimi sitaki shangwe hizo. Rula mbovu inatengenezwa. Starehe Boys, ambayo ukuta wake tunaupita kila siku, imejaribu tangu 1959 kupima vitu viwili kwa pamoja: mtoto ana akili kiasi gani, na nyumbani kwao kuna nini. Ni kazi ngumu, inataka mtu aende akaulize. Rahisi ni safu kwenye fomu.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina haviruhusiwi tena kutumia rangi kama kigezo cha kuwachagua wanafunzi. Wakenya wa mitandaoni walichangamka kama kwamba ni kwao, na kwa namna fulani ni kwao. Ndege ya kwanza ya Mboya, Septemba 1959, iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, na barua ya kuwachangia nauli ilitiwa sahihi na Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Watu weusi wa Marekani, waliofungiwa milango yao wenyewe, waliwasaidia wetu kupita. Kwa hivyo niliposoma vijana wetu wakiandika "finally, merit" chini ya habari ile, nilitamani kuuliza babu zao walisomeshwa na harambee ya nani. Tena Harvard iliendelea kuruhusiwa kuwapa kipaumbele watoto wa waliosoma pale. Mvua ilipigwa marufuku kwa wengine, reli ikabaki.

Huku kwetu hoja ile imevaa nguo mpya. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki baada ya wiki juu ya mgao wa kaunti, na 2024 kauli ikarudi kwa kishindo kutoka Mlima Kenya: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Inatamkika vizuri, ina mdundo, inafaa fulana. Na inasikika kama haki. Mtu ni mtu, si ndiyo? Tena mimi ni wa Nairobi. Watu hapa tumejaa, shilingi zikifuata vichwa sisi hatupotezi, ingawa sijaona shilingi ya City Hall ikivuka Mto Nairobi kirahisi hivyo. Lakini jiulize vichwa vilijaa wapi, na kwa nini. Watu hufuata reli. Ukigawa kwa vichwa peke yake, unalipa mara ya pili pale ulipolipa mwaka 1965, na ile ahadi iliyokuwa mkiani mwa aya ya 133, kwamba faida itarudi kumsaidia aliyerukwa, inafutwa bila kutajwa. Huwa nawaambia wasee tunaobishana nao kwamba angalau Mboya aliweka ahadi kwa maandishi.

Swala la wanawake nitalipita haraka, si kwa kuwa ni dogo bali kwa kuwa hakuna fumbo la kuhakiki. Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Bunge lilikataa kutunga sheria, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje, halikuvunjwa. Magavana wanawake waliochaguliwa ni sufuri mwaka 2013, watatu 2017, saba 2022. Wabunge wanaosema wanawake washindane "kwa merit" walipita wenyewe kwa tiketi za vyama na pesa za harambee.

Nirudi kwenye Hazina ya Usawazishaji, kwa sababu hapo kuna kitu kilichoanza kurekebishwa. Kifungu cha 204 kinatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyosahaulika. Pesa zenyewe zilichelewa na kukwama kwa mivutano miaka mingi. Lakini tazama kipimo. Sera ya kwanza ya tume ya mgao wa mapato iliorodhesha kaunti 14 nzima, Turkana, Mandera, Wajir, Lamu na nyingine. Ndani ya kaunti kama hizo kuna miji yenye benki na hoteli, na nje yake kuna vijiji vikavu ambavyo havikuingia kwa sababu kaunti yao ni ya kijani. Sera ya pili ilishuka chini, ikataja maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Rula ilifupishwa. Mtu alikwenda akauliza.

Ndicho ambacho ningependa kukisoma kuhusu shule. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa kizazi kingine kinachaguliwa kuingia shule za sekondari ya juu kwa vigezo vingine, huku akademi za mabati zikiwa bado zimeandikwa safu ileile. Mtoto wa kwanza wa binamu yangu yuko kwenye moja. Hazina ya Usawazishaji nayo ilipewa miaka 20 tangu katiba ianze kutumika. Isipoongezwa muda na Bunge, inafungwa tarehe 27 Agosti 2030.